Dawa ya Kupe Niliyopima kwa Jicho

Sopa, Naserian mjukuu wangu,

Huku Kitengela tuko sawa, kokoo wako, bibi yako, bado ananigombeza. Shangazi yako ananiandikia maneno haya nikizunguka boma. Tangu uulize kama uache masomo ya mifugo urudi nyumbani, kukaa chini imenishinda.

Mimi nilikuwa najua ng'ombe mia kwa nyayo tu. Uliza mtu yeyote wa rika yangu, hata wale waongo.

Siku moja tukipulizia ng'ombe dawa ya kupe, dada yangu mdogo akasoma chupa. "Kifuniko kimoja, ndoo moja ya maji."

Nikamcheka. "Karatasi imewahi kuchunga nini?" Nikamwaga kwa jicho, nusu chupa.

Ng'ombe ya mama ikatetemeka, ikaanguka. Dada hakunicheka. Alisoma tena, mpaka chini kabisa. "Leta maji mingi na sabuni, tuioshe." Mimi shujaa nikabeba maji mpaka ikasimama.

Saa hii niko na chupa mpya mfukoni tangu Jumatatu, nilikuwa nangoja shangazi yako atoke kazi; akimaliza barua hii atanisomea. Maliza masomo, halafu uje. Ng'ombe wanajua kungoja. Mimi ndio sijui.

Babu yako