Natafuta baba mudogo ndani ya Windows

Leo siku ya nne ya juma, hapa kwangu Kasha. Mvula inapiga mabati tangu asubuhi, sijafungua kibanda, na nimezungumuza na mutu mumoja tu: miye mwenyewe. Namushukuru, anachekaka ku blague, mizaha yangu yote.

Benye banasomaka maandiko yangu hapa banajua kazi yangu. Ku Kadutu nafufuaka telefone zilikufa, naweka muziki mu flashi, nachapa barua za batu na vidole mbili, juu masomo niliyaachia mu primaire ya tano. Kutwa nzima nachekesha baclient. Jioni nafunga kibanda, na kicheko inabakia mule ndani na kufuli juu.

Leo sina blague.

Kesho kutwa, siku ya posho, ile Jumamosi, nangojewa kwao na Nabintu. Ni ule musichana nilishaandika juu yake hapa. Papa yake alikubali kunipokea, lakini alinisindikiza ku mulango na neno moja: "Kuya na batu bako, kijana. Mutu hatokake mu jiwe."

Kwetu, siku ya kujionesha ku bakwe, bazazi ba musichana, mwanaume hasemake. Anaikala, anainamisha kichwa, na baba mudogo wake njo anasimama kusema: huyu ni mutoto wetu, babu yake ni fulani, tunatoka fulani. Miye mwenye naweza kuuzisha mwamvuli siku ya jua kali, ile siku natakiwa nifunge kinywa. Sasa nani atafungua yake? Papa alikufa, ni miaka mbili. Mama alimutangulia. Dada yangu eko Canada, ananitumiaka mioyo nyekundu mu message. Niliwaza kukodisha muzee wa jirani, bengine banafanyaka vile. Lakini papa yake Nabintu ataanza kuuliza mambo ya babu, na muzee wa kukodisha atazama hata soda haijafika ku meza.

Njo nikakumbuka fichier ya papa, faili yake ya ukoo.

Papa alikuwaka na ordinateur, kompyuta ya zamani, ya Windows, na programe ya kuchora ukoo. Kila siku ya Mungu kisha misa alikuwa anatembelea bazee, anauliza nani alizala nani, anarudi kuandika. Miye nilikuwa namuchekelea: "Papa, bafu habakulake, tafutia bazima chakula!" Alikuwa anaendelea kuandika.

Nitubu hapa, juu hakuna padri anayenisikia: kisha matanga, ile ordinateur niliuzisha vipande-vipande. Écran, kile kioo, huku, clavier ya kuandikia kule. Nilibakisha tu flashi yenye ile programe na fichier, juu hakuna mutu aliyeitaka.

Na mashini niko nayo leo ni Mac, dada alinitumia toka Canada. Programe ya papa haitake kusikia Mac, inataka Windows tu. Basi siku tatu hizi nilikuwa natengeneza machine virtuelle. Ni mashini ya kuwazia ndani ya mashini ya kweli. Mac inabeba Windows mu tumbo, na Windows haijue kama iko mu tumbo ya mutu.

Mu kuitengeneza, inakuuliza: Windows upatie mémoire, nafasi ya kufanyia kazi, giga ngapi? Mac yangu iko na nane. Nikapatia Windows saba. Ni mugeni, na kwetu mugeni njo anakulaka mbele. Mwenye nyumba akabakia na moja.

Ikaanza kutembea, polepole, sawa bibi anapanda mulima na mugongo ya kuni. Nikafungua fichier. Programe ikaniletea kisanduku: andika jina ya familia. Nikaandika yangu, Murhula, nikafinya. Ikatafuta, ikatafuta. Ikajibu: mutu mumoja.

Miye.

Niliangalia ile moja muda murefu.

Kisha nikajitukana. Kwetu kila mutoto anapewaka jina yake! Papa alikuwa Cirhuza, mudogo wake Bisimwa, babu yetu Mugisho. Ile programe ilitengenezwa na batu benye jina moja inashuka toka babu mpaka mujukuu. Haikujua kama sisi ukoo hatuivalake ku jina. Nikaandika Mugisho, nikafinya ku batoto yake, na yote ikafunguka.

Misalaba kila pahali. Papa alikuwa anaweka musalaba ku kila mufu. Ku kizazi ya papa, kutosha yeye mwenyewe, kisanduku moja tu ilikuwa bila musalaba: Bisimwa, anaikala Nyantende. Nyantende! Pale tu, pikipiki inakufikisha na chapati ingali ya moto mu mufuko. Chini yake namba ya telefone, na maneno ya papa: "Tuligombana juu ya shamba. Kosa ilikuwa yangu."

Hakunisemeaka ile hata siku moja.

Nikapiga. Mwanamuke njo akaitika.

— Allô, ni nani?

— Jambo maman. Natafuta baba mudogo Bisimwa. Niko mutoto ya Cirhuza.

— Ee, bezi ba ku telefone, mumeanza tena! Juzi alikuwa mutoto ya askofu. Sikushinda zawadi yoyote, na siitake.

— Hapana maman, niko mutoto wa kweli!

— Kama ni wa kweli, hesabu. Babu yako nani? Na baba ya babu yako?

Nikasema Mugisho, nikageukia écran nisome mwengine. Écran ikakauka. Mushale haisogee. Mugeni alikula yote, mwenye nyumba akazimia. Miye, kinywa ya Kadutu muzima, nikafinya vitufe bure. Nikasema ukweli: "Maman, sijui. Nilikuwa nasoma ku mashini na imekwama. Papa njo alijua. Miye nilikuwa namuchekelea."

Kisha akasema mwizi angetaja jina yoyote tu. Anaitwa Nsimire, binti ya Bisimwa. Papa yake alikufa mbele ya mavuno ya maharagi. Mpaka mwisho alikuwa anauliza kama mukubwa wake atakuya.

Nikamuambia mukubwa wake alikuwa alishamutangulia. Kule habakujua. Huku sikujua. Unités za kupigia zilikuwa zinakwisha.

Nikamueleza mambo ya siku ya posho, nikijua kama imeharibika: nilitafuta baba mudogo, nimepata musalaba. Na mwanamuke hasimamake kusemea mwanaume ku bakwe. Nikamuambia asijisumbue.

Akacheka.

— We mutoto ya papa mukubwa, nitakuya. Majina ya babu niko nayo mu kichwa, pale hapakwamake. Kama banatufukuza, batufukuze babili.

Nimewasha Mac tena. Windows nimeipatia nne, Mac nne, kila mutu akule kwake. Fichier imefunguka vizuri. Natakiwa kuweka musalaba ku kisanduku ya baba mudogo. Mushale iko juu yake tangu saa nane, na bado sijafinya. Nikifinya, upande ya baba itabakia miye, dada wa Canada na Nsimire.

Mvula imepunguka, nyumba iko kimya. Kesho napanda Nyantende kumuona Nsimire sura, mbele ya kuingia naye siku ya posho kwao na Nabintu, tufukuzwe ao tupewe viti. Nilitengeneza maneno njia yote ya maisha yangu, na ya kesho siyapate. Akinifungulia mulango, nitaanza na gani: pole, ao asante?