Tabitha Hakusubiri Sheria Mpya

Dada yangu mpendwa Damari,

Shikamoo, dada. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi huku Ujerumani tu wazima. Baridi imelegea, jana nilikwenda sokoni bila koti nikajiona kijana. Nakuandikia kwa sababu simu huipendi, na habari hii nataka uisome taratibu: binti yetu Tabitha amefungua kampuni.

Ameifungua na rafiki yake Inês, binti wa Kireno aliyesoma naye. Wametengeneza kifaa kidogo cha kuchomeka shambani, kinamwambia mkulima udongo una maji kiasi gani. Kifaa kilikuwa tayari zamani. Kilichowakwamisha ni sheria, maana kila nchi ya Ulaya ina zake za kuanzisha kampuni. Fikiria mpwa wangu Zakayo na duka lake la matairi pale Mikumi. Akitaka tawi Iringa, aambiwe huku hatukutambui, anza upya kwa kanuni zetu, na barabara ni ile ile moja!

Sasa wakubwa wa Umoja wa Ulaya wamependekeza utaratibu mmoja: unaandikisha kampuni mara moja, kwa mtandao, nayo inatambulika katika nchi zote za umoja. Nimesoma kila gazeti lililoandika jambo hilo, na nilimshauri Tabitha asubiri. Naye alikubali. Lakini Inês alikuwa ameitwa kazini kwao Lisbon, na alitakiwa ajibu upesi. Alikuja kwetu kula ugali, akaniita Baba kama anavyosikia mwenzake akiniita.

"Baba, hiyo sheria imepita?"

"Bado. Bunge na serikali zinajadiliana."

"Basi hiyo ni mimba. Mimi siwezi kulea mimba ya watu. Tukifungua, nabaki. Tukisubiri, naondoka."

Tabitha akanitazama. Mimi nikatazama mboga.

"Baba na magazeti yako," akasema Tabitha, "utatuzeesha." Kisha akamgeukia mwenzake: "Tufungue kwa sheria iliyopo. Hiyo nyingine ikija, itatukuta kazini."

Dada, nilifurahi kushindwa namna ile.

Tukaenda kwa mwanasheria mwenye mhuri. Desturi ya hapa ni kwamba mkataba wa kampuni lazima ausome kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya wote, hata kama kila mtu ameusoma nyumbani. Mimi nilikwenda kama mzazi tu. Yule bwana akavaa miwani, akafungua jalada, sauti ikawa nzito na ya taratibu. Kabla sijajijua, nikasimama, mikono mbele, kama tulivyolelewa misheni injili inaposomwa. Tabitha akanivuta koti. Sikuketi. Basi nikamsikia akisoma jina la kampuni, kwa shida, akivunja ulimi: Mkondoa.

Walikuwa wamenificha. Najua utaguna: mto ulioingia mpaka jikoni kwetu Chanzuru ndio wanaupa heshima? Hata mimi nilimuuliza Tabitha baadaye. Akasema, "Baba, kifaa chetu kinapima maji. Asiyeyaheshimu maji atayapimaje?"

Bwana yule aliposoma neno la mwisho, nikaitika "Amina!" kwa sauti ya kanisani. Inês akafuata, "Amina," na mwanasheria akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema watu huwa wanasinzia akisoma, hajawahi kuitikiwa. Wakatia saini. Pale pale Inês akapiga simu Lisbon, akawashukuru, akawaambia haji.

Nisalimie shemeji. Mwambie Zakayo mjomba wake anamsifu kwa duka, na mkewe nampa hongera ya mtoto. Nisalimie na mchungaji. Ila hiyo Amina usimwambie wewe, utacheka kabla ya kufika mwisho. Mpe asome mwenyewe.

Nimezeeka mbali, dada, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuniuliza nimetoka mto gani. Jana fundi alibandika kibao mlangoni mwa wasichana hawa. Mama mmoja mwenye mbwa akasimama, akakisoma kwa shida, akaniuliza neno hili ni la wapi. Nikamwambia, ni la kwetu.

Mdogo wako akupendaye,
Yeremia