Dada Somoe, Shule Niliyomchagulia Mwanao

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba yako, lakini tangu nianze kusema sijawahi kukuanza kwa neno jingine, na haya ninayotaka kukuambia leo siwezi kuyaanza bila heshima yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiteka maji kule Mkunya? Uwanda wetu uko juu, una udongo mzuri wa mihogo, lakini maji yako chini bondeni, na mwanamke akishuka asubuhi anarudi jua limeshawaka. Siku moja nilikusindikiza, wewe na binti yako Sijaona, ambaye alikuwa bado mdogo wa kubeba kibuyu tu. Tulipokaribia kumaliza kupanda, alijikwaa kwenye mzizi na kibuyu kikapasuka. Maji yaliingia mchangani mara moja, pakabaki doa tu. Nilidhani utamkaripia. Ulimpangusa magoti, ukanipa mtungi wako niupeleke nyumbani, ukageuka ukashuka tena peke yako. Nilikutazama mpaka ukapotea kwenye vichaka, na siku hiyo ndipo niliposema moyoni kwamba nitawatoa ninyi pale.

Baba Sijaona alikuwa ameshafariki kwa homa. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na mjomba nilikuwa mimi, ndugu yako wa kiume wa pekee. Nilikuwa nimesoma kidogo utotoni kwa walimu wa misheni pale Newala, kiasi cha kufuata mstari kwa kidole, kisha nikajifunza useremala na kuwachongea mabenchi. Nilijua ninachokikosa. Nilitaka mtoto wako asome bila kidole. Na nilitaka shule yenye mwalimu wa kike, ili yeye asikae nyuma ya wavulana akisikiliza tu.

Basi nikazunguka. Kiangazi kile nilikwenda kwa miguu kijiji hadi kijiji, pande zote za Masasi, nikijifanya natafuta kazi ya mbao. Nilikaa nje ya madarasa nikisikiliza. Shule ya kwanza watoto walisoma kwa sauti nzuri mpaka nikafurahi, lakini nilipomwomba mmoja anisomee ukurasa mwingine, alinisomea maneno yale yale ya ukurasa wa kwanza. Walikuwa wamekariri. Ya pili, mwalimu alishika fimbo zaidi kuliko kitabu. Ya tatu ilikuwa kijiji kile chini ya mlima wa mawe, karibu na Masasi. Msichana mmoja alisimama kusoma akakwama kwenye neno. Mwalimu, naye mwanamke, alimngoja. Wenzake walianza kucheka, akawanyamazisha kwa mkono, akaendelea kumngoja mpaka yule msichana akalipata neno. Kwa ajili ya kungoja kule, dada, nilichagua.

Nilikuja kukueleza nikiwa na furaha kubwa. Nilikwambia kisima kiko nyuma ya nyumba, hutashuka mlima tena. Nilikwambia udongo wake ni mweusi, mtama unakubali. Ulinisikiliza ukimenya mihogo, ukauliza jambo moja tu.

"Na tutakaa na nani huko?"

Nikakujibu kwamba wapo Wayao, wapo Wamakua, na Wamakonde wenzetu wachache, watu wote wema. Lakini hukuniuliza habari za makabila. Ulikuwa unauliza ukiugua nani atakuletea uji, na ukifiwa nani atalia na wewe. Sikuelewa. Nilikuwa nimekagua shule, kisima na udongo, nikadhani nimemaliza.

Ulikubali. Ulitelemka na kinu chako kichwani, hukutaka nikubebee, na Sijaona mbele yako akikimbia.

Sasa nifike kwenye siku ya kumwandikisha. Jambo hili nimelibeba muda mrefu.

Ulikuwa umevaa kaniki mpya. Ulikuwa umejipaka mafuta, na ndonya yako, lile pambo la mpingo kwenye mdomo wa juu, ilikuwa inang'aa, umeisugua tangu alfajiri. Kwetu uwandani mwanamke akitoka hivyo watu humtazama kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na watu wa misheni miaka mingi, nikaanza kukuona kwa macho niliyodhani ni yao. Tulipofika karibu na uzio wa mabua wa shule nikasema, "Dada, ngoja hapa kidogo. Na ukipita mbele yao, jifunike mdomo."

Ulinitazama. Kisha ukavuta pembe ya kaniki, ukajifunika.

Niliingia na Sijaona peke yetu. Mwalimu aliuliza mama yake yuko wapi. Nikasema yuko shambani. Nawe ulikuwa hatua ishirini nyuma ya mabua, unasikia. Mwalimu yule hakuwa amesema lolote juu ya ndonya, wala siku hiyo wala baadaye. Niliyeona haya ni mimi peke yangu. Na tangu siku hiyo, kila ulipompeleka mtoto au kumfuata, ulishika kaniki mdomoni. Mwishowe ukawa unafanya hivyo hata nyumbani. Niliona, nikanyamaza, nikajiambia utazoea.

Mtoto alisoma, hilo lisipotee. Alikuwa akirudi anaandika mchangani mbele ya mlango, nawe unazunguka nyuma ya nyumba kwenda kisimani ili usikanyage maandishi yake. Jirani yetu Mama Saidi, yule Myao mfanya biashara ya chumvi, alikuwa akikucheka kwamba unafuga herufi kama kuku. Wewe na Mama Saidi mlipendana. Nilipowaona mnatwanga pamoja nilijipongeza, kana kwamba na yeye nilimchagua mimi.

Kiangazi cha pili ukataka kwenda Mkunya kwenye unyago wa binti wa shangazi. Ulitaka uende na Sijaona, akaonekane kwa watu wake. Nikakataa. Nikasema shule haijafunga, akikosa mwezi mzima atasahau. Ulibishana nami, nadhani ndiyo mara ya pekee. Ulisema, "Wewe umemfundisha kusoma. Niachie na mimi nimfundishe kwao." Nikasema mwaka kesho. Ulikwenda peke yako. Ulimkumbatia mlangoni, na mimi nilikuwa napiga randa, sikuinua kichwa vizuri.

Hukuwa umemaliza hata majuma mawili ndipo zikaja habari za vita. Watu kutoka kaskazini walisema wapiganaji wamekunywa dawa, risasi za Wadachi zinageuka maji, na kila penye bendera au shule patachomwa. Walimu wakaamua kuondoka na watoto kwenda Lindi. Tulipewa asubuhi moja kujiandaa. Nilikuwa nafunga mizigo alipokuja mtu mmoja anayepanda Newala kwa ndugu zake. Aliniuliza kama nina neno kwako, kwani atapita Mkunya.

Dada, nilimwambia hapana. Nilimwambia nitatuma nikifika.

Nimewaeleza watu kwamba ilikuwa haraka. Haikuwa haraka kiasi hicho. Neno lenyewe lilikuwa fupi: tunakwenda Lindi, mtoto yuko na mimi. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Niliogopa ukisikia utatelemka utukute njiani, umchukue mwanao urudi naye msituni, na kusoma kwake kuishie hapo. Kule uwandani nilikuona uko salama. Nikajiambia vita vitakwisha baada ya juma moja, nitakurudishia mtoto akiwa amesoma zaidi, nawe utanishukuru.

Tulipofika Lindi, Sijaona alitaka kukuandikia. Aliomba kipande cha karatasi kwa mwalimu wake, akakijaza pande zote mbili. Nikamwambia njia imefungwa, hakuna wa kukipeleka. Siku za kwanza ilikuwa kweli. Baadaye wachukuzi wa mizigo ya askari walikuwa wakipita huko mara kwa mara, na mimi sikuwauliza, kwa kuwa sasa nilikuwa naona haya kukueleza kwa nini nilikawia. Kila siku iliyopita iliifanya siku ya pili yake kuwa ngumu zaidi.

Tulirudi mvua zilipokuwa zimeshaanza. Nilimwacha Sijaona na walimu wake njiani, nikatangulia. Shule ilikuwa kuta nyeusi. Nyumba yetu haikuwepo. Niliyemkuta ni Mama Saidi, amekonda mpaka sikumtambua, anachimba mizizi kando ya kijito. Hakunisalimu. Alikaa chini, akanieleza taratibu, na hivi ndivyo alivyonieleza.

Uliposikia kule Mkunya kwamba kijiji kimechomwa, ulitelemka siku ile ile. Walikuzuia, ukawapita. Ulifika moshi bado unatoka. Mama Saidi na wenzake walikuwa wamejificha kwenye mapango ya mlima, akakuita upande kwao, akakwambia tumeondoka na walimu lakini hajui tulikokwenda. Ulipanda kulala tu. Kila asubuhi ulishuka kukaa pale palipokuwa mlango wa shule, ili mtu akija na habari akukute. Ulikuwa hujajifunika mdomo, alisema. Kisha wakaja askari kuwasaka wapiganaji, wakachoma maghala yote ya mtama na kung'oa mihogo, njaa ikaingia. Watu wakatawanyika kutafuta chakula. Mama Saidi alikusihi mrudi wote uwandani kwenu.

"Akaniambia ataondoka barua ikifika," alisema Mama Saidi. "Nikamwuliza, barua ikifika nani atatusomea? Akasema atapatikana mtu. Akasema, mwanangu anajua kuandika, lazima ameandika."

Mama Saidi alikaa na wewe. Alipopata kidogo mligawana, na alisema ulikuwa ukimpa mwanawe Saidi sehemu yako kwa siri. Ulikufa mchana, umelala kwenye mkeka wake, bila maumivu makubwa, mwili ulikuwa umechoka tu. Alikuosha kama angemwosha dada yake, akakuzika yeye na Saidi. Ukiugua nani atakuletea uji, uliniuliza. Alikuwa yeye.

Nilimwambia Sijaona kwamba umekufa kwa njaa ya vita, kama wengi. Sikumwambia zaidi. Alilia, akarudi shule ilipojengwa upya, akawa wa kwanza darasani, akaanza kuwafundisha wadogo. Leo ni mke wa mwalimu, na ana binti mchanga. Watu hunisifu. Husema, tazama mjomba aliyeona mbali. Ningetamani mmoja wao tu anitukane.

Baada ya mavuno yaliyopita alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Mume wake ameambiwa anaweza kuhamia kijiji chochote kati ya vitatu, na wao wanataka penye shule nzuri, kwa ajili ya mtoto huyu. Alikaa chini, akanipa shikamoo, akasema, "Mjomba, wewe ulizunguka kote. Tuchagulie."

Nilifungua mdomo nimtajie kijiji. Yakatoka haya yote. Uzio wa mabua, mtu wa Newala, wachukuzi wa Lindi, mlango wa shule. Nilimweleza kama ninavyokuandikia, sikujipunguzia. Alikuwa ananyonyesha, hakuinua macho. Nilipomaliza aliuliza mama alikuwa akichekaje. Alisema kila akijaribu kukukumbuka anaiona kaniki, na macho juu yake.

Nikamwambia kwamba ulikuwa ukicheka kwa kushtukiza, na ukicheka ndonya iliinuka mpaka ikakaribia pua, nawe ulikuwa ukiirudisha chini kwa kidole na kucheka tena. Alinisikiliza sana hapo. Halafu akamfunga mtoto mgongoni, akasema, "Ahsante kwa kunieleza, mjomba," akaenda zake.

Walihama bila kuniaga. Sijui walichagua kijiji gani. Juma lililopita Saidi, ambaye sasa ndiye anayetembeza chumvi ya mama yake, alipita hapa na salamu: Sijaona anasema wamefika, na mtoto anatambaa. Nilimpa Saidi maji na mihogo ya kuchemsha. Tulizungumza habari za mvua. Alikuwa ametoka huko, nilikuwa nimebakiwa na swali moja tu la kumwuliza, na nilimwacha aende bila kumwuliza. Sijaona asiponitajia mwenyewe jina la kijiji, si langu kulijua.

Mama Saidi hupalilia kaburi lako kabla sijafika, kila mara. Nikija nakuta kazi imekwisha, nakaa tu.

Lala salama, dada. Sikuombi unisamehe, kwa kuwa najua ungenisamehe upesi, na sistahili iwe upesi.

Ni mimi mdogo wako,
mjomba wa Sijaona