Mihogo Aliyoiacha Dada Yako

Daudi mwanangu,

Wewe ni mtu wa namna gani? Tangu siku tulipomfukia dada yako hujakanyaga tena Kasanda. Mvua zimekuja zikaisha, zimekuja nyingine, wewe umekaa Muyama tu. Simu ukiona ni ya huku unaiacha ilie mpaka ichoke. Haya, barua hailii, ifungue. Anayeniandikia ni jirani yangu, Mama Eliya. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Wakeye, nakusalimu mwanangu. Kifua kimepona? Yule mbuzi wangu niliyekuachia amezaa? Mimi magoti yananitesa, ila nipo. Nilikuja kuzika nikabaki, maana Tabita wa dada yako hana mwingine, na miaka sita si ya kujilea.

Sikiliza sasa. Mahindi yalikauka yakiwa bado yanachanua. Maharage tulipata ya kuonja. Kinachotulisha ni ile mihogo mliyopanda wewe na dada yako Sesilia. Imejaa, majirani wananionea wivu. Lakini mliichanganya. Najua mlizungushia michungu pembeni nguruwe pori wasiingie, mitamu mkaiweka katikati. Kisha jua likaua mingi, mkaziba mapengo kwa miti yoyote ya mihogo iliyokuwepo, michungu kwa mitamu. Sesilia alijua kila shina. Wewe unajua. Mimi sijui. Ya kwetu naitambua kwa jani, lakini mbegu hii mliyoleta yote shina jekundu, yote jani moja.

Basi naloweka yote siku nne bondeni sumu itoke, naanika, natwanga, tunakula ugali. Hatujalala njaa hata siku moja. Mwambie hivyo baba yako mdogo anayesema nimekuja kufia huku.

Shida ni Tabita. Siku moja kaja anatafuna muhogo mbichi. Nikampokonya, nikaonja ncha. Mtamu.

"Nani kakwambia uchimbe huu?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Si yule pale anapalilia? Amesema huu."

Nilikaa chini, Daudi. Kesho yake tena, mtamu. Keshokutwa, mtamu. Nikamwambia akikuita usiende. Akanicheka: "Bibi, unamwogopa mtoto wako?"

Nikufiche nini? Mimi mwenyewe asubuhi nikifagia uwanja nasikia jembe kule, lile lake la mpini uliolegea, linagonga kila likishuka. Nikienda hakuna mtu. Nikaanza kumwamini mtoto. Hilo ni kosa langu, simbebeshi mwingine. Wiki iliyopita nilimtuma mwenyewe, kwa mdomo huu: "Kamuulize mama yako tuchemshe upi." Akaleta mitatu. Nikachemsha bila kuonja. Nilipotia kinywani nikatema, nyongo tupu! Kumgeukia, yeye ameshamaliza kipande kizima.

"We mtoto, husikii uchungu?"

"Nasikia. Lakini mama kasema ni mtamu."

Alitapika mpaka hana cha kutapika, miguu ikalegea kama ya ndama. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, na magoti haya haya. Amepona. Lakini anasema mimi ndiye niliyekosea kupika, mama yake hakosei. Na bado anaingia shambani. Nikilifyeka tutakula nini? Nimfunge kamba? Mimi hanisikii, anajua sikuwepo mlipopanda.

Najua kinachokuzuia. Unaogopa kumkuta dada yako shambani. Mimi ndiye niliyemzaa, nakaa naye kila siku, na bado nawasha moto na kupika. Wewe mwanamume mzima na ndevu zako!

Nisalimie mkeo, mwambie asiache kukukanda kifua. Nisalimie shangazi yako mwenye jicho bovu, na huyo baba yako mdogo pia, ingawa mdomo wake siupendi. Ni mimi mama yako, ninayekutukana kwa sababu nimekukumbuka mpaka naumwa.

Ukija, usianzie nyumbani, utakula baadaye. Nenda moja kwa moja shambani, mshike Tabita mkono, mpite naye kila mstari. Onja na uteme mbele yake. Kila shina chungu lifunge kitambaa, hata ukichana shati lako. Mimi nikitaka kumwambia ukweli, naishia kumwita aje kula. Mwambie wewe, uliyepanda pamoja na mama yake, kwamba mama yake amekufa. Umwambie mapema, kabla hajakuonyesha mahali mama yake anaposimama.