Siku Nilipomwita Edna kwa Jina

Hayes, London
Jumamosi jioni

Mama mpendwa,

Habari za nyumbani? Lile goti lako linasemaje na baridi ya Wundanyi? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningeanza kulia kabla hatujamaliza salamu. Naipiga picha barua hii nimtumie mdogo wangu Mghanga akusomee leo leo, maana Jumatatu asubuhi nimeitwa ofisini.

Leo tuliwapeleka wazee tunaowatunza kituoni kwenye makumbusho ya tramu, yale magari ya reli yaliyokuwa yakipita katikati ya barabara zamani. Ilikuwa siku ya kukumbuka Vita vya Pili vya Dunia, vile vilivyompeleka babu Burma. Tramu zilikuwa zimeng'arishwa, makondakta wamevaa sare za wakati huo, nasi tukapanda tukazungushwa. Mimi nilikuwa na Edna, yule nyanya niliyekwambia anakumbuka utoto wake wote lakini husahau kama amekunywa chai. Tuliposhuka nilimkalisha kwenye benchi, nikaenda kumletea kikombe. Mara wakapiga king'ora, kile cha kuonya watu kwamba ndege za mabomu zinakuja. Yalikuwa maonyesho tu, lakini niliporudi benchi lilikuwa tupu na fimbo yake iko chini.

Mama, kikombe nilikitupa. Nilikimbia huku na huko nikiita, "Nyanya! Nyanya!" kama ninavyomwita siku zote. Kibali changu cha kukaa nchi hii kinategemea kazi hii, akidhurika, nimekwisha. Mzee mmoja wa makumbusho, amevaa kofia ya chuma, aliniuliza mbona simwiti jina lake. Nikamwambia kwetu mtu mzima haitwi jina kwa kelele kama mtoto.

"Nyanya hapa ni wengi, binti," akasema. "Taja jina lake."

Mdomo ulikataa. Nilizunguka tena na adabu zangu, nikimpoteza mtu kwa heshima. Mwishowe nilifumba macho nikapaza sauti: "Edna!"

Ndani ya tramu iliyosimama, chini ya kiti, sauti ndogo ikaitika, "Niko hapa, mama."

Nilimkuta amejikunja, mikono masikioni. Alinishika shingoni akaniuliza kama ndege zimeondoka. Nikasema zimeondoka.

Msimamizi wangu ameandika kwamba mzee alikaa nusu saa bila mtu. Ni kweli, na sitakana. Lakini naogopa, mama. Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Nisalimie baba, na shangazi anayekusaidia shambani, na mama mkwe wa Mghanga anayetuombea kila Ijumaa. Mwambie safari hii asingoje Ijumaa.

Mghanga akimaliza kukusomea, mwambie anipigie akupe simu. Usiniulize kitu. Niite tu jina langu, kwa sauti ile uliyokuwa ukiniitia nirudi ndani mvua ikianza. Nitaitika.

Mwanao,
Wakesho