Sarafu ya Mama Mwamina

Dada Siku, shemeji yako kaniaibisha leo. Mume wangu Huzaifa! Sokoni Nachingwea, saa nne asubuhi, watu wamejaa.

Yale mazingaombwe yake ya kupoteza sarafu, unayakumbuka? Wiki tatu mbele ya kioo. Video ilisema ni rahisi kwa anayeanza, na kweli ni rahisi, hata mimi sikuwa naona anapoificha. Ila video ikasema pia sarafu uazime kwa mtazamaji.

Akaenda kuazima kwa nani? Kwa Mama Mwamina, muuza ufuta! Mwanamke anayeweka ndimu kwenye kopo la hela, asije mtu wa chuma ulete akamvutia pesa zake kichawi!

KWA MFANYABIASHARA, Siku!!

Akafumba mia mbili ya mama wa watu, akapuliza, akafumbua. Mkono mtupu. Hakuna aliyepiga makofi.

Mama akakumbatia kopo lake: "Chuma ulete! Leo nimemkamata!"

Badala ya kuomba radhi, mwanaume akaitoa ile sarafu nyuma ya sikio la mama. SIKIONI, jamani. Makelele ndiyo yakazidi.

Akaona bora awaeleweshe tu. Akakunja mikono ya shati, akarudia polepole: "Tazameni, naibana hapa kati ya vidole. Haiendi popote." Wote wakaona. Wote kabisa! Akashusha pumzi, akajua yameisha.

Mama Mwamina akawageukia wenzake:

"Mmesikia? Amekiri mwenyewe."