Mafuta ya Makonyo Mguuni mwa Dada Raya

Jumatatu, 6 Oktoba

Chai nimempa. Mkojo nimemwaga. Mto nimeuweka sawa, maana daktari hataki mguu ulale chini. Sasa niandike nisilomwambia mtu: jana asubuhi nilimtia Dada Raya mafuta ya makonyo ndani ya bendeji.

Wiki iliyopita pikipiki aliyopanda Dada iliteleza, tairi la pikapu likampitia mguuni. Mfupa u mzima. Ngozi ndiyo iliyochunika, ikavulika kama soksi, kutoka gotini mpaka karibu na kifundo. Wakaiosha, wakaishona pale pale. Tunangoja kuona kama itashika au itakufa. Daktari alimweleza Mama kuwa ngozi iliyokosa damu, damu ikiirudia huja na sumu inayoichoma kwa ndani. Ndiyo maana anamtia Dada vitamini C kwenye dripu. Ni antioksidanti, huizima hiyo sumu. Akasema hatuahidi kitu, majaribio mengi bado ni ya panya.

Mama hakufahamu. Akanitazama mimi, msoma Kiingereza wa nyumba. Nikaona fahari. Nikaingia kwenye simu. Karafuu! Antioksidanti tele kupita vyakula vingi, imeandikwa. Nikacheka peke yangu. Sisi si tumezaliwa chini ya mikarafuu? Na chupa ya Bibi ya mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu anayopaka akiumwa na jino, ilikuwa mkobani mwa Mama. Dada kalala kwa dawa. Nikafunua bendeji, nikadondosha matone sita pembeni ya mshono, palipopauka zaidi. Sikumuuliza mtu. Mimi kuuliza siwezi. Hata skuli sinyanyui mkono.

Jumanne, 7 Oktoba

Dada hakulala. Anasema panawaka moto.

Asubuhi akaniambia, "Zuwe, mguu wangu unanuka pilau. Mchumba akija mwambie aje na sahani yake." Bi Mize wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikatoka nje.

Nesi naye alinusa. Akabadilisha dripu, akapita. Msimu huu karafuu zimeanikwa kila njia, nguo zetu zote zinanuka. Nani atashtuka? Nilitamani ashtuke.

Uongo. Sikutamani.

Jumatano, 8 Oktoba

Bendeji imefunguliwa. Nimeona. Pale pale nilipotia pamekuwa pekundu, malengelenge, na utando mweupe juu. Kwingine ngozi ina joto, na daktari akibonyeza kidole rangi inarudi. Pale nilipotia kabonyeza mara nyingi. Akasema haelewi, Jumamosi sehemu hii ilikuwa imeanza kupata rangi. Kisha akamwambia mwenzake kwa Kiingereza, akidhani hatusikii: ikiwa inakufa, kesho saa nne wataikata, na huenda wakachukua ngozi ya paja kuziba.

Mama akaniuliza kasema nini. Nikamwambia kasema atatazama tena kesho. Hiyo ndiyo faida ya Kiingereza changu.

Nimeusoma tena ule ukurasa wa simu. Safari hii mpaka chini. Ulikuwa unazungumzia chakula. Karafuu ya kula. Na mafuta yake matupu huunguza ngozi. Bibi mwenyewe huyazimua kwa mafuta ya nazi kabla hajajipaka. Nilijua. Nimemwona tangu mdogo. Nikaiamini simu, tena kwa jambo ambalo haikulisema.

Nimekwenda mlangoni kwa daktari mara tatu. Ya tatu akaniona. "Unataka nini, mwanangu?" Nikasema naulizia choo. Akatoka mwenyewe kunionyesha. Choo nakijua wiki nzima. Nikaingia nikasimama mle, bila haja.

Mpumbavu mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa tatu na nusu. Dada hajaruhusiwa kula tangu alfajiri. Mama yuko msikitini, anasali Dhuha, anamwombea.

Dada kaniuliza kwa nini nalia. Nimemwambia. Wa kwanza kujua awe mwenye mguu, ndivyo nilivyoona haki. Katazama dari. Halafu kasema, "Umwambie daktari weye. Miye sitokusemea." Kanishika mkono, kafumba macho. Afadhali angenitukana.

Najijua, mdomo hautafunguka. Basi naandika vizuri, herufi kubwa kubwa. Jumapili asubuhi. Matone sita. Mafuta ya makonyo, hayakuzimuliwa. Pembeni ya mshono, upande wa nje. Dada hakujua. Mama hakujua. Huenda ngozi haifi, imeungua tu. Huenda inakufa, na sababu ni mimi. Tafadhali tazama tena kabla ya kukata.

Nje kumetulia. Bi Mize kalala. Dripu inadondoka.

Nasikia viatu vya daktari ukumbini, kimoja anakiburura. Mkono umeshafika kwenye jalada la daftari, kwa mazoea, nilifiche chini ya godoro. Nimeurudisha. Daftari liko wazi juu ya shuka, kando ya mguu. Naligeuza, maandishi yamwelekee yeye.